Mfalme Aliyesema Bado

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimemaliza meno ya mwenye bucha. Seti nzima, juu na chini. Kazi safi! Nilipomvalisha alijitazama kwenye kioo akauliza huyo ni nani. Nikamwambia ni wewe, ila wa mwaka ule uliooa. Akacheka mpaka nikahofu yatatoka. Hayakutoka. Meno yangu hayatoki. Niliwahi kumtengenezea jaji mmoja, miaka hiyo, meno ya kufanana na ya kweli hivi kwamba baada ya miezi mitatu alikwenda hospitali kulalamika jino la bandia linamuuma. Na daktari akaling'oa! Naapa kwa Mfalme Msema Kweli.

Huyo ndiye ninayeapa kwa jina lake. Nilimjua nikiwa kijana, nikifunga marobota katika duka la vitambaa la Mhindu mmoja. Ukutani palikuwa na kalenda, na kwenye kalenda mfalme kasimama penye kuni za kuchomea maiti, kavaa gunia. Tajiri akanihadithia. Katika maandiko yao ya kale kulikuwa na mfalme ambaye hakupata kusema uongo. Alimwahidi mtawa mmoja kwamba atampa chochote. Mtawa akataka ufalme wote, na bado akataka zaidi. Akatoa. Akamuuza mkewe, akamuuza mwanawe, akajiuza mwenyewe awe mchoma maiti, ili tu neno lake lisianguke. Mtoto akaumwa na nyoka akafa, mama akamleta achomwe, na mfalme akamtoza mkewe mwenyewe ada ya kuni kwa sababu alikuwa ameahidi kutoza kila mtu! Ndipo miungu ikashindwa kuvumilia, ikamfufua mtoto, ikarudisha kila kitu.

Nililia juu ya marobota. Tangu siku hiyo nikasema mimi na yule bwana ni baba mmoja mama mmoja. Shule niliishia darasa la sita (walimu waliishiwa), lakini mfalme huyu nimemfundisha mtaa mzima.

Kijino shavu limevimba. Gego la mwisho linatoka, upande wa kushoto. Nimemwambia asukutue kwa maji ya chumvi. Miaka kumi na tisa sasa huyu mpwa wangu, binti wa marehemu dada. Sikupenda kuliona hilo gego. Basi tu.

Jumanne, 4 Machi

Siamini. Siamini!

Asubuhi kaja Mzee Msomaji. Ndivyo anavyoitwa na wote, kwa kuwa miaka arobaini amekuwa akiwasomea watoto maandiko pale hekaluni kwao Wahindu. Sasa hana jino hata moja na maneno matakatifu yanatoka upepo mtupu. Nikamwambia, Mzee, umefika kwa Profesa.

Nikakoroga unga wa kupimia, nikajaza trei, nikamwingizia mdomoni. Dakika nne hakuna kusema. Hizo dakika nne ni zangu! Miaka ishirini na sita natengeneza meno na hakuna mteja aliyewahi kunibishia humo. Leo nikaona nimheshimu mgeni, nikamhadithia mfalme wake. Nikaongeza na ya kwangu kidogo: kwamba jogoo wa mjini mle walikuwa hawawiki mpaka wamuulize mfalme kama kweli kumekucha. Mzee akawa anazungusha macho, anainua kidole. Nikambana taya, tulia Mzee, bado kidogo. Nilidhani ni furaha.

Trei ikatoka. Akajifuta. Akasema, Fundi, unasimulia vizuri kunizidi. Ila yuko mfalme huyo huyo katika andiko la zamani kuliko hilo lako, na humo habari yake ni nyingine.

Nyingine vipi?

Humo, anasema Mzee, mfalme alikuwa na wake mia na hana mtoto. Akamwomba mungu wa maji: nipe mtoto wa kiume, nami nitakutolea huyo huyo awe sadaka. Akapewa. Mungu wa maji akaja: haya, nipe. Mfalme akasema bado, ana siku chache mno, ngoja zipite kumi. Zikapita. Nipe. Bado, hajaota meno. Akaota. Nipe. Bado, ngoja ya utoto yang'oke. Yakang'oka. Nipe. Bado, ngoja yaote mengine. Yakaota! Nipe. Bado, ngoja aweze kuvaa silaha…

Mimi nimeshika kipimo cha mdomo wake. Kijino amesimama na beseni la maji, anacheka na lile shavu lake moja. Kasema, kumbe ni Mfalme wa Bado!

Nikasema hapana, bado si uongo! Bado ni bado. Hajakataa, hajakubali. Mzee akasema ndiyo, Fundi, na hata mungu wa maji alikuwa akijibu kila mara: haya, na iwe hivyo.

Kijino akauliza, na huyo mtoto je, alijua? Mzee akasema aliambiwa siku alipokuwa mkubwa. Akasema hapana, akachukua upinde wake akaingia msituni. Na baba mtu akashikwa tumbo la maji, likavimba kama mtungi.

Kipimo kikaniponyoka, kikaangukia sakafuni, kikapasuka. Sijawahi kuangusha kipimo tangu nianze kazi! Imebidi nimpime upya. Dakika nne nyingine. Na safari hii sikusema neno.

Jumatano, 5 Machi

Haiwezekani. Nani aliandika hayo? Adui zake tu. Mfalme yeyote ana majirani wenye kijicho.

Nimefikiri mchana kutwa nikichonga nta. Mtu aliyemwuza mkewe kwa ajili ya neno moja, huyo huyo amzungushe mungu kwa habari ya meno? Kwa habari ya MENO?

Mkanda wangu leo nimeulegeza hadi tundu la nne. Jumatatu ilikuwa la tatu.

Kijino katoka mara moja, kasema anakwenda kununua chumvi. Chumvi ipo.

Ijumaa, 7 Machi

Nitaandika, maana daftari halina mdomo.

Dada alipofariki Kijino alikuwa na miezi kumi, ufizi mtupu. Ndipo nikampa hilo jina. Baba yake, shemeji yangu, alikuwa ameitwa kazi mbali, kupima malori kwenye mizani ya barabara kuu. Siku ya maziko aliniuliza mbele ya watu, Shemeji, mtoto huyu nitamchukuaje? Nikasema kwa sauti, na watu wakasikia: niachie mpaka aote meno. Akiota, nakuletea mwenyewe kwa mkono wangu.

Akaota mawili ya chini. Barua ikaja. Shemeji, vipi? Nikajibu, bado, yakijaa mdomo. Yakajaa. Nikajibu, bado, yatang'oka karibuni, asije akateseka ugenini. Yakang'oka, moja moja, nami nikiyatupa paani na yeye ananishika shati. Barua ikaja. Nikajibu bado, yaote ya ukubwani. Yakaota! Nikaandika, Shemeji, mimi ni mtu wa meno, nisikilize, magego ya mwisho yana homa kali, ngoja yatoke nikiwa naye karibu. Bado.

Ni yale yale. Neno kwa neno. Jamani! Sikuwa nimesoma andiko lolote. Nani alimwambia mfalme, au nani aliniambia mimi?

Na Kijino naye ana bado yake. Alipokuwa na miaka minne aliniuliza baba yuko wapi. Mtoto wa miaka minne utamwambiaje habari ya kupima malori? Nikasema baba anajenga daraja. Refu hivi kwamba fundi anaanza upande huu akiwa kijana na kufika upande wa pili akiwa na mvi, na katikati yake wameweka duka la viatu kwa sababu vya mwanzo vinaisha njiani. Akafurahi sana. Kila mwaka akauliza, daraja limeisha? Bado. Limebaki kidogo? Bado.

Neno moja limewatosha wawili miaka kumi na nane. Sikusema uongo hata siku moja. Ila la daraja. Lile daraja ni pambo tu.

Barua zote ziko kwenye debe la plasta lililotoboka, chini ya meza ya kazi. Sikuchoma hata moja. Hilo nalo liandikwe.

Mke sina, aliyekuwepo aliondoka akisema nyumba imejaa maneno hamna pa kukaa. Kijino ndiye aliyebaki na kupata pa kukaa.

Jumanne, 11 Machi

Mzee Msomaji amekuja kujaribu meno ya nta. Nikayapanga, nikamwambia uma taratibu, sema sita, sema sitini. Yakasema vizuri. Kijino nilimtuma mbali, kupeleka kazi kwa daktari wa kule sokoni.

Nikamuuliza Mzee, nina rafiki yangu, mteja wa zamani, aliahidi kitu cha watu akawa anasema bado. Mtu mzuri sana, mrefu, anaheshimika. Anataka kujua kati ya wafalme wale wawili yupi ndiye wa kweli.

Mzee akanitazama tumbo. Sijui kwa nini tumbo! Akasema, mwambie rafiki yako sisi tunasoma wote wawili. Ni jina moja na kiti kimoja.

Hakuna kiti cha kukaa wawili, nikasema. Ama mtu ni msema kweli ama si msema kweli.

Akayatoa meno ya nta, akayaweka mkononi mwangu kama anarudisha chenji. Akasema, Fundi, mimi huwaza hivi, si andiko, ni mimi. Labda yule aliyesema bado sana ndiye siku ya pili alipoombwa ufalme akautoa papo hapo. Alikuwa anajua bado inamfanya nini mtu.

Nikamuuliza, na hilo tumbo la maji lilipona?

Lilipona. Lakini kwanza alinunua mtoto wa maskini mmoja amtoe badala ya wake.

Mtoto wa watu! Nilikaa chini. Huyo ndiye niliyeapa kwa jina lake kwenye harusi, kwenye misiba, mbele ya afisa wa leseni! Mzee akasema wala usiogope, yule mtoto wa maskini aliomba na kamba zikafunguka. Akaniambia pia, mwambie rafiki yako ajaribu kupunguza chumvi.

Jumamosi, 15 Machi

Barua ya Shemeji. Imeletwa mkononi na dereva wa lori. Mistari miwili!

Shemeji, salamu. Nimepata habari kwamba magego ya mwisho yameshaota, basi hakuna jino lililobaki la kungojwa. Jumatatu niko hapo.

Nani kamwambia? NANI? Gego limetoka wiki mbili tu zilizopita, ndani ya mdomo wa mtu, ndani ya nyumba yangu! Nimetazama dirisha. Nimetazama dari.

Tundu la tano.

Jumapili, 16 Machi

Leo nimesema nitamwambia. Nimenyoa ndevu kabisa.

Nikamkuta karakana, anang'arisha meno ya Mzee kwa brashi ya mashine na unga wa kusugulia. Ana mkono mwepesi yule binti, kunizidi, na hilo sijawahi kumwambia. Nikasema, Kijino, mama, kaa nikwambie habari ya baba yako. Akakaa. Nikafungua mdomo, na kilichotoka, naapa sikukiita, kilichotoka ni daraja. Nikamwambia nimesikia wamefika nguzo ya mwisho. Kwamba upepo huko juu ni mkali, mafundi wanafunga kofia kwa misumari…

Nguzo ngapi sasa, Mjomba?

Mia tisa.

Nilipokuwa darasa la pili zilikuwa mia nne.

Wameongeza.

Akacheka. Kisha akaacha kucheka, na akaendelea kunitazama vile vile. Akasema, mimi ndiye niliyemwandikia. Jumatano ile, baada ya hadithi ya Mzee. Nilimwambia magego yameshaota, njoo.

Nikasema anwani umeipata wapi? Nikasema hivyo kwa ukali kabisa, kama mwenye haki!

Debe la plasta, Mjomba. Ulinituma plasta nikiwa darasa la saba, ukasahau lipi zima na lipi bovu.

Darasa la saba! Nilihesabu kwa vidole mbele yake kama mwehu. Miaka sita. Miaka sita amekuwa akiniuliza daraja limefika wapi, na anajua ni mizani ya malori!

Nikamuuliza, na ukanyamaza wakati wote huo?

Akasema, kila nikitaka kukuuliza najiambia bado. Nimefundishwa na nani?

Brashi ilikuwa bado inazunguka. Nikaizima. Nikamuuliza, utaondoka naye?

Akasema sijui. Lakini sikiliza, Mjomba. Kesho akikaa nitamuuliza swali moja tu, la daraja. Atashangaa. Hapo ni pako. Mimi sitakusaidia. Ukisema kwa mdomo wako kwamba ni wewe uliyelizua, hata nikienda naye nitarudi, maana hapa ni kwetu. Ukianza kuhesabu nguzo, naondoka na sirudi.

Kisha akaniambia meno ya Mzee yanahitaji kuchemshwa mara ya mwisho kesho mapema, moto mdogo, nisisahau kama kawaida yangu. Nikamwambia mimi sijawahi kusahau. Akasema ndiyo, Mjomba.

Jumatatu, 17 Machi

Saa nne hivi, hodi. Siku zote mtu hajamaliza hodi nimeshamkaribisha, jirani wanajua. Leo hodi ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Kijino hakuinuka. Begi lake lilikuwa miguuni, zipu wazi. Ya tatu ndipo nikasema karibu, na sauti ikatoka ndogo kama ya mtu mwenye trei mdomoni.

Amezeeka, Shemeji. Mvi kichwa kizima. Mimi niliyekuwa nikimpaka mvi za daraja ili kumchekesha mtoto, kumbe mtu alikuwa kweli anaota mvi huko! Masikio ni yale yale ya Kijino. Nilikuwa nimesahau kwamba masikio yale yana mwenyewe.

Shikamoo baba. Marahaba. Wakasimama hivyo, hawajui mikono waiweke wapi. Kisha akamwambia, hebu cheka mwanangu, niyaone hayo meno niliyoyangoja.

Akacheka. Akafungua mdomo kabisa mpaka nyuma, kwenye gego, kama ninavyowafundisha wateja. Shemeji akainama akayatazama. Akatazama kwa muda mrefu sana. Akasema, yote yapo.

Mimi nikasema, na yote ni yake mwenyewe, si kazi yangu! Hakuna aliyecheka.

Wakakaa. Nikakaa. Kijino akamimina maji kwenye glasi tatu, akamsogezea baba yake ya kwanza. Akasema polepole, bila kunitazama, baba, daraja limeisha?

Shemeji akaweka glasi chini. Daraja gani?

Wakageuka wote wawili wakanitazama. Masikio manne sawasawa.

Nikasema samahani, sufuria, meno ya Mzee, yataungua. Nikainuka nikaja huku karakana.

Sufuria nimeitoa motoni tangu saa mbili. Maji yameshapoa. Meno ya Mzee yako mezani mbele yangu, meupe, yamefunguka kidogo kama yanataka kuuliza kitu. Naandika nimesimama. Mkanda nimeulegeza kabisa na bado unabana.

Huko sebuleni hawasemi. Nimetega sikio, hawasemi hata neno. Wananingoja mimi. Mimi ambaye watu huninyamazisha!

Nilifungua ukurasa wa tarehe nne nikasoma: bado si uongo. Ni mwandiko wangu huo. Nimeukata kwa kalamu mara mbili.

Neno la kusema ni fupi. Ni mimi, Shemeji, hakuna daraja. Nimelijaribu hapa kwa sauti ya chini, kama Mzee na sita na sitini. Linatoka. Linapigapiga kidogo mbele, kama meno mapya, lakini linatoka.

Kiti kimesogezwa. Zipu. Sijui ni ya kufunga au ya kufungua.

Anaita.

"Mjomba! Bado?"